Hita ya maji nyumbani: Joto gani ni salama?

HITA ya kupashia maji si kifaa kigeni tena katika nyumba za mijini Afrika Mashariki. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Arusha, Mbeya na Iringa, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huwafanya wengi wayaogope maji ya bomba asubuhi, tangi jeupe lililotundikwa ukutani bafuni limekuwa sehemu ya kawaida ya nyumba. Hata katika miji ya pwani yenye joto, nyumba nyingi zinazojengwa kwa ajili ya kupangisha hufungwa kifaa hicho.

Pamoja na kuenea huko, kitufe kidogo kinachoamua maji yapate moto kiasi gani ni nadra kutazamwa. Fundi akishafunga hita na kuondoka, kitufe huachwa kilipo kwa miaka. Wapo wanaokizungusha hadi mwisho wakiamini kwamba maji ya moto zaidi ndiyo faida ya fedha waliyoilipa, na wapo wanaokirudisha chini kabisa ili kuokoa umeme.

Kila uamuzi una hatari yake. Joto likizidi, maji huunguza ngozi kwa muda usiotosha hata kuruka kando. Likipungua mno, tangi hugeuka makazi ya vimelea vinavyoshambulia mapafu. Jibu la jumla ambalo wataalamu wa afya na wa majengo wamelifikia ni hili: maji yahifadhiwe tangini yakiwa na nyuzijoto 60 za Selsiasi, lakini yasiufikie mwili wa binadamu yakiwa na joto hilo. Yapozwe kwa kuchanganywa na ya baridi kabla ya kutumiwa.

Ngozi huungua kwa muda gani?

Watu wengi hudhani kwamba ni maji yanayochemka pekee ndiyo yanayojeruhi. Ukweli ni kwamba kuungua hutegemea mambo mawili kwa pamoja: joto la maji na muda ambao maji hayo yamegusa ngozi. Msingi wa maarifa hayo uliwekwa mwaka 1947 nchini Marekani, pale Alan Moritz na F. C. Henriques walipochapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu uhusiano wa joto, muda na majeraha ya moto.

Kwa mtu mzima mwenye afya, maji ya nyuzijoto 50 huchukua takriban dakika tano kusababisha jeraha kubwa la moto. Yakifika nyuzijoto 55, muda huo hupungua hadi kiasi cha nusu dakika. Kwa nyuzijoto 60 ni sekunde tano hivi, na kwa nyuzijoto 70 ni sekunde moja au chini ya hapo. Kwa hiyo, ongezeko la nyuzijoto kumi tu hubadili dakika za kujiokoa kuwa sekunde.

Watoto wadogo wamo katika hatari kubwa zaidi. Ngozi yao ni nyembamba, na katika maji ya nyuzijoto 60 sekunde moja yaweza kutosha kuwajeruhi vibaya. Aidha, mtoto wa miaka miwili anaweza kuufikia mkono wa bomba na kuufungua, lakini hana akili ya kuufunga anapoanza kuungua.

Wazee nao huchelewa kujinasua, na wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni wanaweza kutumbukiza nyayo katika maji ya moto bila kuhisi maumivu yoyote. Wenye kifafa pia wanaweza kuanguka bafuni maji yakiendelea kuwamwagikia.

Kwamba kitufe cha hita kinaweza kupunguza majeraha si jambo la kukisia. Mwaka 1983 jimbo la Washington nchini Marekani lilianza kutumia sheria iliyotaka hita mpya za nyumbani ziwekwe katika nyuzijoto 49. Upimaji uliofanywa mwaka 1977 ulikuwa umeonyesha kwamba nyumba nne kati ya tano zilikuwa na maji ya bomba yaliyozidi nyuzijoto 54. Miaka mitano baada ya sheria, zaidi ya robo tatu ya nyumba zilizopimwa zilikuwa chini ya kiwango hicho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulieleza kuwa majeraha ya watoto yaliyotokana na maji ya bomba yalipungua kwa idadi na kwa ukubwa.

Hatari ya maji ya uvuguvugu

Kama kuungua ndiyo ingekuwa hatari pekee, ushauri ungekuwa mwepesi: kila mtu apunguze joto kadiri awezavyo. Tatizo ni kwamba maji ya uvuguvugu yaliyotuama hupendwa na bakteria aitwaye Legionella, anayesababisha aina kali ya homa ya mapafu.

Jina hilo lilitokana na msiba uliotokea Julai 1976 mjini Philadelphia, Marekani. Wanachama wa American Legion, chama cha askari wa zamani, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford, na siku chache baadaye wengi wao wakaanza kuugua. Kwa jumla watu zaidi ya 200 waliugua na 34 wakafariki. Miezi kadhaa ilipita kabla ya chanzo kujulikana. Ni Januari 1977 ndipo mtafiti Joseph McDade na wenzake walipombaini bakteria huyo. Katika tukio hilo lawama iliuendea mfumo wa hoteli wa kupoza hewa, lakini uchunguzi uliofuata katika nchi mbalimbali ulionyesha kwamba mabomba na matangi ya maji moto nayo huweza kumhifadhi.

Bakteria huyo haambukizi kwa kunywa maji kwa kawaida, wala kwa kawaida hatoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Huingia mapafuni pamoja na matone madogo mno ya maji yanayorushwa hewani, kama yale ya bomba la mvua. Dalili zake, yaani homa kali, kikohozi, maumivu ya misuli na kupumua kwa shida, huanza baada ya siku mbili hadi kumi na nne, na ni rahisi kuzidhania ni homa ya mapafu ya kawaida. Walio hatarini zaidi ni wenye umri unaozidi miaka 50, wavutaji sigara, wenye maradhi ya mapafu na wenye kinga hafifu. Ugonjwa hutibika kwa dawa za kuua bakteria ukitambuliwa mapema.

Bakteria huyo huzaliana katika maji ya nyuzijoto kati ya 20 na 45. Katika nyuzijoto 50 hufa, lakini polepole, kwa muda wa saa kadhaa. Katika nyuzijoto 60, tisa kati ya kila kumi hufa kwa dakika mbili hivi, na katika nyuzijoto 70 hufa karibu papo hapo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maji ya moto yahifadhiwe yakiwa na joto la nyuzijoto 60 au zaidi.

Kwa wakazi wa mijini, ipo tabia moja inayostahili kuangaliwa. Ili kubana matumizi ya umeme, familia nyingi huwasha hita nusu saa kabla ya kuoga na kuizima mara tu wanapomaliza. Maji yaliyobaki tangini hukaa kutwa nzima yakiwa ya uvuguvugu, na kesho yake huongezewa joto kidogo tu. Tangi la namna hiyo laweza kupitisha wiki nyingi bila kufika nyuzijoto 60 hata mara moja, hasa sehemu ya chini ambako maji ya baridi huingilia na tope hutuama.

Kupima kabla ya kugusa kitufe

Namba au herufi zilizoandikwa kwenye kitufe cha hita si kipimo cha kutegemea. Hita nyingi zina alama za 1 hadi 5, au mstari unaonenepa tu, na hata zenye namba za nyuzijoto hukosea kadiri themostati inavyozeeka. Njia ya uhakika ni kupima maji yenyewe.

Kinachohitajika ni kipimajoto cha jikoni kinachofika nyuzijoto 100. Kipimajoto cha homa hakifai, kwani huishia nyuzijoto 42 au 43 na kile cha kioo chaweza kupasuka. Hita iachwe iwake hadi taa yake izimike yenyewe, ishara kwamba themostati imekata umeme. Kisha, kabla ya mtu yeyote kuoga, bomba la maji moto lililo karibu zaidi na hita lifunguliwe kwa dakika moja au mbili, maji yakingwe kwenye kikombe kizito na kipimajoto kitumbukizwe hadi kisomo kitulie.

Kisomo kikizidi 60, kitufe kirudishwe nyuma kidogo; kikiwa chini, kisogezwe mbele kidogo. Baada ya kila badiliko hita ipewe saa kadhaa, na maji yapimwe tena kabla ya kusogeza kitufe kwa mara nyingine.

Katika baadhi ya hita kitufe kiko nje, na mtumiaji anaweza kukizungusha mwenyewe. Katika nyingine kimefichwa chini ya kifuniko, karibu na nyaya za umeme. Hizo zisifunguliwe kabla ya kuzima umeme kwenye swichi kuu, na kwa asiye na ujuzi ni heri kazi hiyo ifanywe na fundi umeme. Kuzima swichi ya bafuni peke yake hakutoshi, kwa sababu kama nyaya zilifungwa kinyume, umeme huendelea kuwapo ndani ya hita ingawa taa imezimika.

Kuchanganya kabla ya kuoga

Maji ya kuoga yanayofaa mwili huwa na nyuzijoto 37 hadi 40. Kuyapunguza yale ya 60 hadi kiwango hicho ndilo jambo linalohitaji uangalifu wa kila siku.

Njia bora ni kufunga vali ya kuchanganyia inayojirekebisha yenyewe. Vali hiyo hupokea maji ya moto na ya baridi, huyachanganya, na hutoa maji ya joto lisilobadilika. Maji ya baridi yakikatika ghafla, jambo la kawaida katika miji yenye mgawo wa maji, vali nzuri hufunga pia yale ya moto badala ya kumwachia muogaji yamwagike. Nchini Uingereza, kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika England mwaka 2010 zinataka maji yanayoingia katika sinki la kuogea la nyumba mpya yasizidi nyuzijoto 48, na vali za namna hii ndizo hutumika kutimiza sharti hilo.

Nyumba isiyo na vali hiyo hutegemea utaratibu. Katika ndoo, beseni au sinki la kuogea, maji ya baridi yatangulie na ya moto yafuate, kamwe isiwe kinyume chake. Maji yakorogwe kwa mkono, kisha yapimwe kwa kiwiko au upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa kuwa kiganja kilichozoea kazi za jikoni hakihisi joto vizuri. Kwenye bomba la mvua, mtu asisimame chini yake wakati wa kulifungua. Mtoto asiachwe peke yake bafuni hata kwa muda wa kuitikia simu.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo ambayo haina vali ya kuchanganyia, na ambamo watoto hufika kwenye bomba bila kusimamiwa, upo mwafaka unaoweza kufuatwa: hita iwekwe nyuzijoto 50 kwa matumizi ya kila siku, na mara moja kwa wiki ipandishwe hadi 60 kwa saa moja au zaidi usiku, watoto wakiwa wamelala, kisha irudishwe chini. Kabla ya kuoga asubuhi inayofuata, maji hayo yapimwe, kwa sababu tangi lenye ukuta mzuri wa kuhifadhi joto huchelewa kupoa.

Familia iliyorejea kutoka safari ya wiki kadhaa ipashe tangi lote hadi nyuzijoto 60, iliache kwa saa moja, kisha ifungue mabomba ya maji moto kwa dakika chache huku madirisha yakiwa wazi na watu wakiwa nje ya bafu.

Hita za jua na za papo kwa papo

Hita inayotumia jua ina tabia yake. Jua halina kitufe. Siku ya jua kali ambapo wenye nyumba hawapo, maji ya tangi la juu ya paa yanaweza kupita nyuzijoto 70, na atakayefungua bomba jioni asipojihadhari ataungua. Kwa hita za aina hii, vali ya kuchanganyia si anasa. Kinyume chake, katika siku za mawingu mfululizo, kama zile za Julai jijini Nairobi, maji hayo huweza kubaki katika nyuzijoto 30 au 40, ambako bakteria hustawi. Hapo ndipo koili ya umeme iliyomo katika hita nyingi za jua inapopaswa kuwashwa ili kuyafikisha 60.

Hita ya papo kwa papo inayofungwa kwenye bomba la mvua haihifadhi maji, hivyo tatizo la maji yaliyotuama tangini haliihusu. Joto lake hutegemea kasi ya maji: yakipungua nguvu, huwa ya moto zaidi. Anayeoga asogee kando kwanza anapobadili kasi ya maji. Hatari kubwa ya kifaa hicho ni umeme. Ni lazima kiwe na waya wa ardhini na swichi ya kujikata umeme unapovuja. Maji ya visima yenye chumvi, yanayotumiwa katika maeneo mengi ya Dar es Salaam, hula koili haraka na kuongeza uwezekano wa umeme kuvujia majini. Wenye maji ya aina hiyo wanapaswa kununua hita iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Vali ya usalama isizibwe

Maji yakipashwa hutanuka. Lita 100 zinazotoka nyuzijoto 20 hadi 60 huongezeka kwa lita moja na nusu hivi, na kwa kuwa tangi limefungwa, shinikizo hupanda. Kwa sababu hiyo kila hita ya tangi huwa na vali ya usalama, kwa kawaida karibu na bomba la kuingizia maji ya baridi, ambayo hudondosha maji kidogo wakati hita inapowaka. Udondoshaji huo si ubovu. Wapo wanaouona kuwa kero na kuziba tundu la vali kwa kizibo au msumari, na kwa kufanya hivyo huondoa kinga ya mwisho ya tangi.

Themostati ikikwama huku vali imezibwa, maji hupita nyuzijoto 100 bila kuchemka kwa sababu ya shinikizo. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,600. Januari 1982, hita ililipuka namna hiyo katika Shule ya Msingi ya Star, jimbo la Oklahoma, Marekani. Watu saba, wengi wao watoto, waliuawa. Vifaa vya kudhibiti joto na shinikizo havikufanya kazi yake.

Mkono wa vali unyanyuliwe kila baada ya miezi michache kuhakikisha maji yanatoka, kwa uangalifu kwa kuwa yaweza kuwa ya moto. Ikiwa maji yanatoka kwa wingi hata hita ikiwa imezimwa, au bomba linatoa mvuke, au tangi linanguruma, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi aitwe. Mngurumo mara nyingi husababishwa na ukoko wa chokaa kwenye koili, ambao huongezeka kwa kasi maji yanapozidi nyuzijoto 60.

Gharama ya joto

Kupasha lita 50 kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 hutumia takriban uniti 2.3 za umeme. Kuzifikisha 75 hutumia uniti 3.2, na tangi la moto zaidi hupoteza joto haraka zaidi. Kwa upande mwingine, maji ya nyuzijoto 60 hutosha watu wengi kuliko ya 50. Lita 50 za nyuzijoto 60 zikichanganywa na maji ya nyuzijoto 20 hutoa lita 100 za kuogea zenye nyuzijoto 40. Zikiwa na nyuzijoto 50, hutoa lita 75 tu.

Mtu akiungua

Aondolewe kwenye maji ya moto na sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu isitumike. Nguo, pete na bangili zilizo karibu na jeraha zivuliwe kabla ya uvimbe kuanza, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Dawa ya meno, ute wa yai, mafuta na unga visipakwe, kwani hufungia joto ndani au huleta uchafu kwenye kidonda. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata. Mtoto mchanga, mzee, au mtu yeyote aliyeungua eneo kubwa kuliko kiganja chake, au aliyeungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kwa wapangaji, ambao mara nyingi hukuta hita imeshafungwa, maswali manne yanafaa kuulizwa kwa mwenye nyumba kabla ya kuhamia: kitufe cha joto kiko wapi, vali ya usalama iko wapi na iko wazi, kuna waya wa ardhini, na ni lini fundi aliifungua hita kwa mara ya mwisho. Majibu yakikosekana, hita ibaki imezimwa hadi fundi umeme atakapoikagua.